Uji wa Deodatha Wabaki Chunguni Gulioni Ihanda

Ukungu bado umelala juu ya migomba ya Ihanda, na Bibi Deodatha amekwisha piga magoti mbele ya jiwe lake la kusagia. Chini ya magoti ameweka maganda makavu ya mgomba, maana sakafu ya udongo inauma. Mkono wa kushoto unamwaga ulezi kidogo kidogo, wa kulia unasukuma kijiwe mbele na nyuma. Unga unaoanguka kwenye ungo ni mwekundu wa kuiva, mwororo, nao unanukia moshi kwa mbali kwa sababu ulezi wenyewe ulikaangwa jana jioni.

Jiwe hilo lilikuwa la mama mkwe wake. Limelika katikati hata mtoto mchanga angeweza kulazwa humo asidondoke.

"Usisage ukiwa na hasira," anasema bila kuinua uso. "Ukisaga na hasira unakandamiza, jiwe linatoa mchanga, mteja anatafuna mchanga, halafu anakusengenya mpaka Kyerwa."

Anacheka kidogo, kisha anamwaga ulezi mwingine. Siku hizi wateja wa kumsengenya ni wachache.

Jua likichomoza, Deodatha huwa ameketi mahali pake gulioni, kando ya njia wanayopita wanaume wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya kahawa kutoka upande wa Kyerwa. Chungu amekizungushia majani ya mgomba ili uji usipoe. Kata moja ni senti kumi. Mteja anapewa bakuli la mti, anachuchumaa, anakunywa, anarudisha bakuli, anaendelea na mlima wake.

Miaka mingi chungu hicho kilikuwa kinakwisha kabla umande haujakauka. Siku ya gulio kubwa alikuwa anakuja na vyungu viwili. Sasa, mwaka huu wa 1955, anakuja na kimoja, na mara nyingi anarudi nacho nyumbani kikiwa nusu.

Hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya njia, kuna moto mwingine. Juu yake kuna birika kubwa jeusi, na mvuke wake una harufu ya mdalasini na tangawizi. Wanaume wamelizunguka birika hilo, kila mmoja na kikombe chake cha bati mkononi. Mwenye birika ni mama mnene mwenye kitambaa cha maua kichwani, na sauti yake inafika hadi kwenye mizani ya kahawa. Huyo ni Joviana.

Hapo zamani mioto hiyo miwili ilikuwa moto mmoja.

Joviana alikuja kutoka Muleba na marehemu mumewe, mchuuzi wa viungo. Mume alipofariki hakurudi kwao. Alikuwa na kibanja, shamba dogo la migomba lenye nyumba, alichokinunua kwa jina lake mwenyewe, akaendelea na biashara: magome ya mdalasini kutoka kwenye maduka ya Bukoba, bizari, pilipili manga, na tangawizi aliyoipanda nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kutafuta kuni, alimwomba Deodatha wawe wanawasha moto pamoja. Kwanza chungu cha uji, kikishuka birika linapanda.

Watu wa gulioni waliwapa jina. Waliwaita wake wenza.

"Mke mkubwa ameamkaje?" wachuuzi walikuwa wanamuuliza Deodatha.

"Mke mkubwa ameamka vizuri," Joviana alikuwa anajibu kabla mwenzake hajafungua kinywa, "ila bwana mwenyewe hatujamwona, tunamtafuta. Wewe baiskeli yako ni ya kwako au ya kuazima?"

Na kila asubuhi, kabla ya kumpimia mtu yeyote chai, Joviana alitoa bakuli lake mwenyewe chini ya kanga, akalijaza uji wa Deodatha, akadondoshea tangawizi iliyopondwa, akanywa mpaka mwisho. Hakuwa anapoteza maneno wakati huo. Hata salamu alizipokea kwa kutikisa kichwa.

"Aliuza chai," Deodatha anasema, "lakini tumbo lake lilikuwa langu."

Lililowatenganisha lilianza kama mzaha. Alikuwapo siku hiyo Mutalemwa, msukuma baiskeli wa kutoka Kyerwa, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Alikuwapo pia Cassian, dresa wa zahanati moja ya jirani, yule anayefunga watu vidonda na kugawa dawa. Cassian alikuwa ametoka kwenye mafunzo ambako walifundishwa habari za vyakula na nguvu zake mwilini.

"Dresa, tuamulie," Mutalemwa akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hawa wake wenza wawili. Nani ananilisha zaidi? Huyu wa ulezi au huyu wa mdalasini?"

Cassian hakuwa mtu wa mzaha. Aliulizwa swali, akajibu kama alivyofundishwa. Alisema ulezi una madini ya chokaa yanayojenga mifupa, kuliko nafaka nyingine zote tunazozijua huku. Una pia madini ya chuma, ya kuongeza damu. Lakini, akasema, ukipima ratili ya ulezi na ratili ya mdalasini ukazilinganisha, mdalasini una chokaa mara tatu ya ulezi, na chuma mara mbili.

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Watu wanaomfahamu wanasema hajawahi kusema uongo hata juu ya dawa chungu.

Joviana alisimama akapiga vigelegele. "Mmesikia? Mara tatu! Mke mdogo amemshinda mkubwa mara tatu! Haya, nani anataka mifupa?"

Watu walicheka, na Deodatha alicheka pamoja nao. Mutalemwa ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa anafikiri. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, ambayo kila mgeni Karagwe hupewa kwenye kikapu kidogo kabla hajaulizwa habari.

"Tazameni," akasema. "Punje hizi nikitia mdomoni hapa, napanda mlima wote njaa siisikii. Punje tu! Sasa kama kitu kidogo hivi kinanivusha mlima, mdalasini wenye mifupa mara tatu utashindwaje? Ma Joviana, nipe chai. Uji leo upumzike."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo pengine lisingeingia mahali pengine. Watu wa huku wamezoea tangu utoto kwamba kitu kidogo cha kutia mdomoni kinaweza kushinda njaa. Kahawa ya kutafuna huifunga njaa mdomo, hailishi. Lakini anayepanda mlima hajiulizi tofauti ya hayo mawili.

Siku za gulio zilizofuata, habari ilitangulia mbele ya birika. Wanaume walifika wakidai "chai ya mifupa." Wapo walioleta wake zao. Na kwa kuwa bei ya kahawa imekuwa nzuri miaka hii, senti ishirini za chai yenye sukari hazikumuumiza mtu. Tena kikombe cha bati kina mpini. Mtu akikishika anajiona amekaa kwenye kiti cha karani. Bakuli la mti linamkumbusha nyumbani kwa bibi yake.

Deodatha alianza kurudi na uji.

Waliporushiana maneno, haikuwa juu ya uji wala chai. Ilikuwa juu ya moto. Wateja wa chai walikuwa wengi, birika halikuweza tena kungoja chungu kishuke.

"Mama, leo nitangulie mimi," Joviana akasema asubuhi moja. "Wako pale wanasubiri."

"Moto ni wa kuni zangu," Deodatha akamjibu.

"Basi nitanunua kuni."

Joviana alinunua kuni, akapanga mafiga matatu ng'ambo ya njia, na bakuli lake la uji halikuonekana tena.

"Sikumfukuza," Deodatha anasema, huku akikoroga uji ambao hauhitaji tena kukorogwa. "Wala yeye hakunikimbia. Tulikuwa tunangoja, kila mtu anamngoja mwenzake aseme, 'Njoo urudi, acha upuuzi.' Siku zikapita hivyo. Sasa tuna mioto miwili na mizigo miwili ya kuni, na maneno yenyewe wala hayakuwa makali."

Cassian aligundua kilichotokea pale watu walipoanza kumjia na miguu inayotetemeka. Mutalemwa mwenyewe aliletwa akiwa ameshikwa mabega. Alikutwa ameketi chini katikati ya mlima, baiskeli imelala juu ya gunia, naye hana hata nguvu ya kuitukana. Alipoulizwa amekula nini tangu asubuhi, akajibu kwa fahari: "Mdalasini."

Siku ya gulio iliyofuata dresa aliazima mizani ya kupimia sukari kutoka dukani, ile yenye sahani mbili. Akaiweka juu ya gogo katikati ya mioto miwili. Kwenye sahani moja akamimina unga wa ulezi unaopikwa kwa bakuli moja. Sahani ikashuka, tii. Kwenye sahani ya pili akaweka kijipande cha mdalasini kinachoingia kwenye kikombe kimoja cha chai, chembamba kama ukucha.

Sahani haikutikisika.

"Nilisema ratili kwa ratili," akawaambia. "Sikusema bakuli kwa kikombe. Nani kati yenu anakula ratili ya mdalasini?"

"Ratili nzima si itanitoboa utumbo!" Mutalemwa akasema, na watu wakaangua kicheko.

"Basi ndiyo hivyo. Mdalasini ni kitu kizuri. Unakoleza chakula, unaamsha hamu. Lakini huo unaoula wewe ni huu kwenye sahani, na ulezi unaoula ni ule pale. Mwili haupewi kilichoko dukani, unapewa kilichoingia mdomoni. Kunyweni uji kwanza, halafu chai kama mnapenda."

Watu walitikisa vichwa. Wazee walisema dresa amefafanua vizuri. Mutalemwa alimshika mkono akamshukuru, akasema leo ameelewa kabisa.

"Halafu wakageuka," Deodatha anasimulia, "wakaenda kuagiza chai."

Hawakuwa wamemdharau dresa, wala hawakumkosea adabu yeye Deodatha. Chai ilikuwa tamu, ndiyo hivyo tu. Tangu siku ile wengine hutafuna ndizi ya kuchoma pamoja na kikombe, hawaanguki tena njiani, na kila mtu ameridhika. Cassian anasema hilo ndilo linalomsumbua hadi leo. "Neno langu la kwanza lilikimbia. La pili lilitembea kwa miguu."

Kama ingekuwa ni chungu tu, Deodatha angevumilia. Lililo nyuma ya chungu ni shamba.

Ulezi haukai kwenye kibanja pamoja na migomba. Hulimwa nje, kwenye rweya, ule uwanda wa majani mafupi unaozunguka vijiji. Wanawake huchoma majani, wakageuza udongo kwa jembe, wakamwaga mbegu, wakapalilia kwa zamu huku wakiimba. Wanaume hawashughuliki na rweya. Lakini kipande cha rweya huhesabiwa pamoja na kibanja cha mume, na mume akifariki kinahesabiwa kwa ndugu zake. Kwa jembe rweya ni ya wanawake, kwa jina ni ya wanaume.

Kipande cha Deodatha kiko chini ya shemeji yake, Kaijage, mdogo wa marehemu. Kaijage si mtu mbaya. Ndiye aliyemwezekea nyumba, na Jumapili humbebea kiti kanisani. Mwaka jana alimwambia maadamu uji unauzika, shamba ni lake, asiwe na wasiwasi. Ukiacha kuuzika, watazungumza.

Mwezi uliopita walizungumza. Kaijage alikuja na matenga ya miche ya kahawa, akayashusha uani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hiyo miche imekuja kunywa uji?"

Kaijage akacheka, akatazama chini. "Shemeji, uji wako mimi naupenda. Wewe unajua. Lakini nimepita gulioni, nimeona chungu. Shamba lile tunalilisha ndege. Nina watoto wa kusomesha."

"Mpaka nivune huu ulioko."

"Uvune, waitu," akasema kwa heshima, "uvune wote. Sitang'oa hata bua moja. Mvua zikirudi ndipo nitachimba mashimo."

Deodatha alimpa uji. Kaijage alikunywa bakuli mbili, akasema hakuna kama huo, akaenda zake. Miche imebaki uani. Jioni Deodatha huinyunyizia maji.

"Mche haujafanya kosa," anasema.

Mavuno yamekwisha. Masuke bora ya mbegu ameyafunga mafungu na kuyaning'iniza juu ya moto wa jikoni, moshi uyalinde na wadudu. Ni mbegu aliyoipokea kwa mama mkwe wake pamoja na jiwe. Ulezi wa mbegu hautunzwi milele. Usipopandwa, baada ya misimu michache unabaki kuwa chakula cha kuku. Deodatha ameuliza kwa majirani kama kuna anayelima ulezi bado, ampe mbegu amtunzie. Majirani wamemwonyesha miche yao ya kahawa.

Turudi gulioni, asubuhi hii. Jua limekwisha panda, umande umekauka, na chungu kiko nusu. Deodatha anafunga mzigo wake. Ng'ambo ya njia Joviana anamwaga majani ya chai, anamsikiliza mteja lakini hamsikii. Mwishoni anaacha birika peke yake juu ya moto, anavuka njia. Ni hatua ambazo mtoto angeziruka, lakini anazivuka polepole, kitambaa cha maua kimekaa upande.

"Nimesikia habari ya rweya," anasema, bado amesimama.

"Kila mtu amesikia."

"Nyuma ya nyumba yangu kuna tuta la tangawizi. Nitaing'oa. Panda ulezi wako pale."

Deodatha anaweka mzigo chini. Mwenzake ni mtu wa biashara, hajawahi kushika jembe la rweya. "Ahsante, mama. Lakini pale ni chini ya migomba. Tangawizi inapenda kivuli. Ulezi ukiupanda kivulini unarefuka majani tu, hautoi masuke. Unataka jua liupige kichwani."

"Basi migomba itakatwa."

Mwanamke anayeuza maharage karibu yao anaacha kupima. Karagwe mtu hakati mgomba unaozaa. Mgomba hukatwa pamoja na mkungu wake, na ukifyekwa bure watu huuliza nyumba hiyo imepatwa na nini.

"Usiseme hivyo mbele za watu," Deodatha anamnong'oneza.

"Kibanja ni changu, nilikinunua. Ile inayotazama mashariki, yote. Waseme wanavyotaka, kusemwa nimezoea."

"Na ndizi utapata wapi?"

"Nitanunua."

"Joviana. Uji wenyewe watu hawautaki. Unakata migomba kwa ajili ya kitu kisichouzika?"

Joviana anavuta pumzi. Kwa karibu anaonekana amepungua, mashavu hayajai tena kama zamani. Anaingiza mkono chini ya kanga, anatoa bakuli. Ni lile lile, lenye ufa ulioshonwa kwa waya.

"Nani amekwambia habari za kuuza?" anasema. "Mimi mwenyewe asubuhi nile nini?"

Deodatha anafungua tena majani ya mgomba, anachota kata, anajaza bakuli mpaka ukingoni. Uji umepoa. Joviana anachuchumaa, anaunywa hivyo hivyo, bila tangawizi, na wateja wake ng'ambo wanaita kwamba birika linamwagika.

Mvua zikirudi, Kaijage atachimba mashimo yake kwenye rweya. Deodatha amesema atakwenda kumsaidia kubeba miche, ili aliage shamba vizuri. Siku hiyo hiyo mchana ataenda nyuma ya nyumba ya Joviana na nusu ya mbegu. Nusu nyingine itabaki juu ya moto, kwa tahadhari, maana hajui kama udongo wa migomba utaupokea ulezi, na hajawahi kuona mtu aliyejaribu.

"Pengine utatoa majani tu," anasema, akijitwika chungu. "Lakini huyu mama anakula sana. Nikipata bakuli lake moja kila asubuhi, jiwe langu halitalala."